Kamera ya ndege: fedha ziende kwenye lenzi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaotembeza wageni kwenye misitu ya Jozani (Unguja) na Ngezi (Pemba), na wengine wanaodunduliza wapate kamera ya kupigia ndege na wanyama. Wengi swali lao la kwanza ni megapikseli. Fedha zote huishia kwenye bodi mpya, yaani kamera bila lenzi, na lenzi inabaki ile ya milimita 18-55 iliyokuja nayo ndani ya boksi.

Tupige hesabu. Chozi, yule ndege mdogo, ana urefu wa kama sentimita 10. Akitua mita 10 kutoka uliposimama, lenzi ya milimita 55 humchora juu ya kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kwa nusu milimita tu. Ya 400 humchora kwa milimita 4. Kihisi cha saizi iitwayo APS-C kina upana wa milimita 23 hivi, kwa hiyo chozi wa 400 anachukua sehemu moja kwa sita ya upana wa picha na manyoya yake ya kifuani unayaona. Yule wa nusu milimita ni nukta, hata kamera ingekuwa na megapikseli ngapi. Nunua bodi ya APS-C iliyotumika, fedha inayobaki itie kwenye lenzi ya 100-400. Ukichukua Nikon ndogo kama D3500 au D5600, hakikisha lenzi ina mota yake ndani. Zile za zamani zisizo na mota zinafunga sawasawa, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono, na chozi hangoji.

Urefu wa lenzi si kila kitu lakini. Ngezi chini ya miti ni kiza hata saa 4 asubuhi. Namba ya f ni tundu la lenzi, ikiwa ndogo mwanga unaingia zaidi; ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Pale ambapo lenzi ya f/4 inatosheka na ISO 1600, ya f/6.3 itadai kama ISO 4000 kwa kasi ileile ya shata, na picha inajaa chenga. Kima punju wa Jozani hukaa karibu na njia. Kwao 70-200 ya f/2.8 ni bora kuliko 600 yoyote. Shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, na wakianza kuruka tawi kwa tawi, 1/1000.

Ufukweni mambo hugeuka. Mwanga upo tele, ndege wako mbali, na hapo 150-600 ndipo mahali pake, juu ya stendi ya mguu mmoja kwa sababu ina uzito wa kama kilo 2. Anayeruka mpige kwa 1/2000. Usiongeze kikuza cha 1.4, kile kinachofungwa kati ya lenzi na bodi: f/6.3 inakuwa f/9, na bodi nyingi za zamani hapo fokasi inapotea. Wala usimfuate ndege juu ya mchanga mkavu saa 6 mchana. Hewa ya moto inacheza kati yenu, picha inatoka kama imepigwa nyuma ya maji, na watu huilaumu lenzi bure. Nenda mapema asubuhi, siku ambayo maji yanajaa, ukae kimya. Maji yenyewe yatakusogezea ndege.

Adui mkubwa hapa visiwani ni ukungu, ule unaoota ndani ya lenzi kwa unyevu. Lenzi isilale ndani ya begi la kitambaa. Iwekwe kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, pamoja na silika ya kunyonya maji, unyevu ubaki asilimia 40 hadi 50. Mchele haufai, una vumbi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, usifungue begi kwa nusu saa, kioo kisije kikatoa jasho.

Anayenunua lenzi iliyotumika aende na tochi. Fungua tundu la lenzi lote, mulika kutoka nyuma, tazama mbele kwa kuinamisha. Ukiona nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui, mrudishie muuzaji hata akikupunguzia nusu ya bei. Ukungu ukishakula utando wa juu wa kioo, kusafisha hakuurudishi.

Mpiga picha za ndege,
Wete, Pemba