Ganda la kidonge cha macho ni la mnyama gani?

Mhariri,

Habari yenu kuhusu vidonge vya lishe ya macho, ile iliyosema vimetengenezwa kwa maua na mboga tupu, imeniudhi. Gazeti hili nalisoma tangu ujana na sijawahi kuwaandikia, ila hapa siwezi kunyamaza. Luteini, kile kirutubisho cha macho kilichomo ndani yake, hutolewa kwenye maua ya marigoldi, hilo ni kweli. Lakini ganda linaloibeba mwandishi wenu hakulitaja hata kidogo, na kwetu Lamu hapo ndipo penye swali.

Mama yangu ana ugonjwa wa makula, ile sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, tunayoitegemea kusomea na kutambua nyuso. Daktari akamwandikia vidonge hivyo. Nikavinunua, na kabla ya kulipa nikamwuliza muuzaji ganda ni la nini. “Ni jelatini tu, mama, haina neno.” Haina neno kwa nani? Jelatini hupikwa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe au ya ng'ombe, mara nyingine ya samaki, na kopo halikutaja mnyama. Hata akiwa ng'ombe, kachinjwa vipi? Najua wapo masheikh wasemao kitu kikigeuka kabisa na hukumu yake hugeuka, na wapo wasiokubali. Lakini mtu atauliza vipi fatwa ya kitu ambacho asili yake imefichwa? Nilipomweleza mama, aliliweka kopo kando na hajaligusa tena. Nikaambiwa nizifungue kapsuli hizo, nimkorogee kwenye uji. Kapsuli zenye unga hufunguka, lakini hizi ni zile laini zilizojaa mafuta! Mama mtu mzima anawekwa kati ya macho yake na dini yake kwa sababu kiwanda kimeshindwa kuongeza neno moja kwenye lebo. Na si Waislamu peke yetu: wako majirani zetu Wahindu wasiokula nyama ya aina yoyote, nao wanauziwa kopo lile lile.

Njia nyingine ipo, tena si ngeni. Kuna kapsuli za selulosi ya miti, na kuna za pululani, inayopatikana kwa kuchachusha wanga, ukiwemo wa muhogo. Zile laini za mafuta nazo hutengenezwa kwa wanga na karajinani, itokanayo na mwani mwekundu wa aina wanayolima kina mama wa Kwale na Unguja. Kwa hali ya hewa yetu, selulosi ingekuwa afadhali hata bila suala la dini, kwa kuwa ganda lake lina maji machache, wakati jelatini hulainika na kushikana kwa joto na unyevu.

Halafu maandishi yenyewe! Dawa ya mtu asiyeona vizuri imeandikwa kwa herufi ambazo mimi mwenye macho mazima nimezisoma kwa kuikuza picha kwenye simu, na Kiswahili hamna. Tena habari yenu imewafanya watu waamini kila mwenye ukungu machoni avimeze. Utafiti wa Marekani uitwao AREDS2, uliotolewa 2013, ulihusu wagonjwa wa makula waliofikia hatua fulani, na vidonge hivyo havikuwapunguzia watu upasuaji wa mtoto wa jicho. Mzee mwenye mtoto wa jicho anahitaji daktari wa upasuaji, asimalize pesa zake dukani.

Bodi ya Famasia na Sumu na Shirika la Viwango waamuru hivi: mbele ya kopo, kwa herufi za nusu sentimita, kwa Kiswahili, iandikwe asili ya ganda, na pembeni ichorwe picha ya ng'ombe, nguruwe, samaki au jani. Duka lisiloweza kumjibu mteja lisiviuze. Nanyi mrudisheni mwandishi wenu akaulize kila duka la dawa kuanzia Malindi hadi hapa kwetu, na majibu myachape siku ya Ijumaa, ukurasa ule ule mliotuambia ni maua na mboga.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu