Pangaboi sio dharau

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana kila nikikaa kijiweni hapa Mwanjelwa nakuta mjadala uleule, eti watu wa nyanda za juu tumedharauliwa kuletewa ndege ya pangaboi (ile ya mapanga yanayozunguka nje), tunataka jeti, na jamaa zetu wa Iringa nao wanataka kajeti kadogo kawe kanatua uwanja wao wa Nduli. Mi sio rubani. Ila nimefanya biashara ya Costa njia ya Kyela miaka kumi na moja na nakwambia hesabu ya gari na hesabu ya ndege ni ndugu wa damu.

Costa ikitoka na watu 12 dereva ni yuleyule, konda yuleyule, ushuru wa stendi uleule, dizeli ndo inapungua kidogo tu. Sasa jeti ya siti 50 inataka marubani wawili sawasawa na ya siti 150, injini ni mbili vilevile na kila injini ina ratiba yake ya kufunguliwa, ukija kugawa hizo gharama kwa siti kila abiria anajikuta kabeba gunia. Wamarekani walizichangamkia sana hizo jeti ndogo miaka ya 90, CRJ za kampuni ya Bombardier na ERJ za kampuni ya Embraer, na ujanja wao ulikuwa huu: mashirika makubwa kama Delta na United yalizitoa kwa mashirika madogo yazirushe kwa rangi za hao wakubwa, marubani wa huko walikuwa wanalipwa kiduchu, mafuta bei poa, basi hesabu ikakaa. Mwaka 2008 pipa la mafuta likavuka dola 140 na zile siti 50 zikageuka mzigo. Delta ikaifunga Comair, shirika lake dogo, 2012, na 2020 Bombardier akawauzia Mitsubishi biashara yote ya CRJ akatoka zake. Zinazotamba sasa kule ni za siti 76, na hiyo 76 wala haikutoka kwa abiria, imetoka kwenye mikataba na vyama vya marubani wa mashirika makubwa, hawataki wadogo wapewe ndege kubwa zaidi ya hapo wakawala kazi yao (utadhani Hiace na bajaji zinagombania njia ya Uyole).

Na siti 76 ndo hizohizo za pangaboi la Q400, ile tuliyoicheka ilipokuja 2016 tukaiita feni. Dar mpaka uwanja wetu wa Songwe jeti inaliacha pangaboi kama dakika ishirini hivi, basi. Njia fupi hivi jeti haijakaa vizuri juu inaanza tena kushuka, na kule juu ndiko inakobana mafuta, wakati kupaa na kutua ndo kunakotafuna injini. Pangaboi kwa safari hizi linakunywa kidogo, halafu wala halihitaji kiwanja kirefu, jambo ambalo kwa Nduli sio dogo maana huku kwetu juu hewa nyepesi ndege inataka kukimbia zaidi ndo inyanyuke.

Mwaka juzi nilipanda jeti hapo Songwe, shirika silitaji. Siti zaidi ya mia. Mazoea ya konda hayaishi, nikahesabu vichwa: 41. Mama mmoja mbele yangu kapakata mfuko wa parachichi za Rungwe, alipoona siti ya pembeni iko wazi akaukalisha na kuufunga mkanda kabisa, dada wa ndege akaja kuutoa huku anacheka. Mi sikucheka, nilikuwa napiga hesabu ya dizeli ya mwenzangu. Kurudi Alhamisi naambiwa safari imesogezwa Jumamosi, nikaenda zangu Mbezi kupanda basi, saa nane usiku tuko Kitonga nyuma ya lori la kontena linapanda kama kinyonga, na mzigo wa mteja wangu nimeupakata miguuni.

Ndo maana nashangaa tunapigania jeti. Ndege kubwa ikikosa watu wanaipunguzia safari, ndogo ikijaa wanaiongezea. Mwenye duka Mbalizi anataka aende Dar asubuhi arudi jioni, injini ya aina gani hana habari nayo. Tuleteeni pangaboi mbili kwa siku, moja alfajiri moja jioni, hata ikipitia Iringa kuchukua watu sawa, kutua mara mbili kuna gharama yake najua lakini Costa nayo inasimama Tukuyu. Na ratiba isiguswe jamani.

Mdau wa usafiri,
Mwanjelwa, Mbeya