Kura ya mjumbe si siri yake

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita, ile ya wajumbe wa jumuiya ya watumia maji waliopandisha bei ya ndoo ya maji kisha kila mmoja akakana kwamba aliafiki, imenifanya nishike kalamu. Nimesoma gazeti hili kimya kwa miaka mingi, ila hili limenikuta.

Kwetu pia bei ilipanda. Nilihudhuria kikao kile kama msikilizaji, benchi la nyuma. Mwenyekiti akasema: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Sauti zikatoka. "Wasioafiki?" Zikatoka tena, na kwa masikio yangu zilikuwa sawa. "Walioafiki wameshinda." Hakuna aliyenyoosha mkono, hakuna aliyehesabu. Jioni nikamfuata mjumbe wa kitongoji chetu, akaapa kwamba alisema siyo. Jirani akamuuliza wa kwao, naye akaapa vilevile. Nikamwomba katibu muhtasari. Kwenye kaunta buku nikakuta mstari mmoja tu: "Wajumbe waliafiki." Ukurasa uliofuata ulikuwa na orodha ya wajumbe waliolipwa nauli ya kikao: jina, kitongoji, namba ya simu, saini, vyote vimenyooka. Kumbe majina wanajua kuyaandika! Nauli ya mtu ina mwenyewe, lakini uamuzi unaomfanya mama mwenye watoto watano apunguze ndoo hauna mwenyewe. Ukihoji unajibiwa, "Sisi tunajitolea tu." Kujitolea ni jambo la heshima, na nawashukuru wanaoamka usiku bomba likipasuka. Lakini aliyekubali kunisemea anapaswa kuniambia alisema nini.

Watu wanachanganya mambo mawili. Mwanachama anapomchagua mjumbe, kura iwe ya siri ili asitishwe na mtu. Mjumbe anapopiga kura kikaoni, kura hiyo ni yetu tuliomtuma. Bungeni Dodoma, bajeti ya serikali hupigiwa kura kwa kuita jina la mbunge mmoja mmoja, naye hujibu nchi nzima ikisikia. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilibishana sana kama kura iwe ya siri au ya wazi, kwa sababu kila upande ulijua uzito wake. Sisi tumeachiwa kura isiyo ya siri wala ya wazi.

Na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, je? Huhesabiwa asubuhi wakati wa kusaini. Ikifika saa nane mchana, soda zimekwisha na viti vingi vitupu, ndipo ajenda ya fedha inaletwa. Mkutano mkuu wenyewe hutangazwa kwa kipaza sauti jioni, ufanyike kesho yake siku ya gulio, halafu tunaambiwa wananchi hatujitokezi!

Nawaomba maofisa wa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, wanaosimamia jumuiya hizi chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, waagize jambo moja. Mwenyekiti aite majina, katibu aandike mbele ya kila jina: ndiyo, hapana, au hayupo. Karatasi hiyo, kwa herufi kubwa, ibandikwe kwenye kila kituo cha kuchotea maji ndani ya siku 7, isibanduliwe mpaka mkutano mkuu unaofuata. Na mhazini asitoe nauli ya kikao kabla haijabandikwa.

Mwanachama wa jumuiya ya watumia maji,
Morogoro