Kilio cha mwanambuzi usiku, kumbe ni spika

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalotusumbua sisi wakulima wa wilaya ya Pangani, hasa tunaolima upande wa kusini, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Usiku mmoja wa mwezi wa tatu, masika yakiwa ndiyo yanaanza, niliamshwa na kilio cha mwanambuzi. Anayefuga anakijua kilio cha mnyama aliyekabwa, hakifanani na cha njaa. Nikaenda bandani na tochi nikahesabu: wote kumi na mmoja wapo, na kilio bado kinatoka ng'ambo ya shamba langu la mahindi. Nikajua ni wa jirani, amenasa mahali. Nikakifuata.

Nilipokaribia, sauti ikanikemea kutoka kichakani: "Bibi, zima tochi!" Wakatoka vijana wawili, mmoja kashika gobore, na mdomo wa gobore lile ulikuwa umenielekea mimi. Chini ya mkorosho waliweka spika ndogo ya flashi, ile ya kuchaji, taa yake ya buluu inawaka na kuzima. Mwanambuzi alikuwa humo ndani. Analia, ananyamaza, kisha anaanza tena palepale alipoanzia. Miguu iliniisha nguvu nikakaa chini kwenye umande.

Walikuwa wanamwita mondo, yule paka wa mwituni, aje wamuue.

Mtoto wa kaka yangu ni fundi simu Tanga mjini. Nilipomsimulia akasema, "Shangazi, hayo wameyatoa kwenye video za Marekani," akanionyesha. Kule kuna paka wa mwituni wanamwita bobcat, ana mkia mfupi kama uliokatwa, naye anaishi Amerika Kaskazini tu. Mwindaji huweka chombo cha sauti mbali na alipojibanza, akakiendesha kwa rimoti, kikalia kama sungura aliyeumia. Paka huyo haji mbio. Husogea kidogo, akakaa, akatazama, na mwindaji huweza kumngoja nusu saa au zaidi bila kutikisika. Lakini kule kila jimbo lina utaratibu wake wa leseni na misimu, na California walipitisha sheria mwaka 2019 ya kusimamisha uwindaji wake. Vijana wetu walichochukua ni ile sauti peke yake.

Na wanayemwita ni nani? Mondo ndiye anayetusaidia na panya. Nimemwona kwa macho yangu alfajiri, nikiwa napalilia. Alisimama kwenye nyasi kwa ile miguu yake mirefu, masikio makubwa yakigeuka huku na huku, mwili umetulia kabisa. Ghafla akaruka juu, akashuka kwa miguu ya mbele miwili pamoja, na alipoinua kichwa alikuwa na panya mdomoni. Sikuthubutu hata kuweka jembe chini.

Panya wa shamba wanafukua mbegu usiku uleule uliopanda. Msimu huu nimerudishia mara mbili, mstari mzima unakuta vishimo vitupu, na mbegu ni ya kununua. Wengine wanatega sumu. Kwangu mimi sumu ni hatari nyingine, kuku wanaidonoa na bundi anakula panya aliyekwisha kuila.

Sisemi mondo hagusi kuku. Mwaka jana alinichukulia tetea aliyekuwa analalia, na niliumia. Nikaweka waya kwenye banda na sasa nalifunga kabla ya magharibi. Hajarudi.

Vijana wakiulizwa wanasema wanalinda kuku wetu. Mbona basi siku tatu baada ya usiku ule nilikuta mzoga wa mondo kando ya njia ya kisimani, umechunwa ngozi yote, nyama imeachiwa inzi? Kilichobaki na manyoya ni vitanga vya miguu tu. Wanatafuta ngozi, na waseme hivyo.

Kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumwua nje ya mipaka ya hifadhi hakulifuti kosa. Nawaomba maofisa wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, waje kwenye mkutano wa kijiji walieleze hilo kwa mdomo wao, wakitaja na hizi spika, maana wazazi wengi wanaziona kama redio za muziki. Nawaomba na wazazi wenzangu wamuulize kijana anayeondoka nyumbani saa nne usiku na gobore la babu yake anakwenda wapi. Safari ile aliyetokea kwenye mwanga alikuwa mimi. Kesho atakuwa mtoto aliyetumwa kutazama mbuzi.

Wiki iliyopita mwanambuzi alilia tena, karibu zaidi. Nikakaa kitandani nikasikiliza kama anaanzia palepale, nikajiambia ni wale wale na spika yao, nikajifunika. Asubuhi nyayo za fisi zilikuwa zimezunguka banda, ubao mmoja umevunjwa, na mbuzi nilipowahesabu walikuwa kumi.

Mjane na mkulima,
Pangani, Tanga