Barua ya wazi kwa Naibu Kamishna wa Badin: Washeedi waandikwe kabla maji hayajarudi

Mheshimiwa Naibu Kamishna,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Unguja, tena kwa Kiswahili, nikijua fika kwamba ofisini kwako hakuna anayekisoma. Sikukosea anwani. Habari hii ni ya Washeedi, watu wa Sindh wenye asili ya Afrika, na ina wenyewe wawili, wilaya yako ya Badin kusini mwa Sindh, Pakistan, na sisi wa pwani hii, na afadhali tuanze kuisikia sisi, maana tumeisahau kuliko nyinyi.

Tando Bago, moja ya taluka zako tano, yaani tarafa za wilaya, alikuwapo mwalimu aitwaye Muhammad Siddique Musafir (1879–1961). Baba yake, Gulab, alichukuliwa Zanzibar angali mtoto, akapitishwa Muscat, akauzwa Sindh. Mwana wa mtumwa huyo akasomesha, akatunga mashairi, na mwaka 1952 akatoa kitabu kwa Kisindhi juu ya utumwa na uhuru, na humo akayaweka masaibu ya baba yake. Hapa kwetu mgeni akifika Mkunazini huonyeshwa lilipokuwa soko, akapiga picha, akaenda zake forodhani kula urojo. Waliouzwa pale walikwenda wapi, waliitwa nani huko, walizaa nani? Hilo hatumwambii kwa sababu wenyewe hatuna. Jibu moja limekaa Tando Bago miaka yote hii, kwa herufi ambazo wengi wetu tungedhani ni Kiarabu.

Mwingine mnaye, mkubwa zaidi. Hosh Muhammad Sheedi, ambaye Sindh nzima humwita Hoshu, si wa wilaya yako hasa, lakini Washeedi wa Badin humtaja kama babu yao. Alizaliwa utumwani katika nyumba ya watawala wa Talpur, akapanda mpaka akawa jemadari wa Mir Sher Muhammad. Tarehe 24 Machi 1843 alifia Dubba, karibu na Hyderabad, akipigana na jeshi la Waingereza chini ya Charles Napier. Kauli inayonasibishwa naye, kwamba tutakufa lakini Sindh hatuitoi, bado inapigwa kwenye mikutano ya siasa. Kinachonikaa kooni ni kwamba waliomuua ndio waliokuja kupiga marufuku biashara ya watu Sindh, na aliowafia ndio waliokuwa mabwana wa wazazi wake. Vitabu vya shule havipendi shujaa wa namna hiyo. Mimi ndiye ninayempenda.

Sasa nije kwenye kazi yako. Badin ilimegwa kutoka wilaya ya Hyderabad mwaka 1975. Sensa ya 2017 ilihesabu humo watu zaidi ya 1,800,000. Ndani ya hesabu hiyo Msheedi haonekani, kwa kuwa sensa ya Pakistan huuliza lugha, na lugha yake ni Kisindhi. Sikuombi umtoe kwenye Usindhi wake. Ameupata kwa jasho na kwa damu ya Hoshu. Wengi hata jina la Sheedi wameliacha, kwa kuwa midomoni mwa watu liligeuka tusi, wakajiita Qambrani, kwa Qambar, mtumishi wa Sayyidna Ali aliyeachwa huru. Simlaumu mtu kwa hilo. Sensa za mkoloni zilipopita hapa Unguja, watoto wengi wa watumwa walijiandikisha Washirazi, na leo ukimuuliza mjukuu wao atakuapia kwamba babu yake alishuka jahazini kutoka Uajemi.

Ninachoomba hakihitaji fedha za Islamabad. Kila deh, yaani kijiji katika daftari la ardhi, iko chini ya tapedar, karani wa ardhi, na tapedar kwa kazi yake anajua shamba hili ni la nani na maji ya mfereji ule yanaishia wapi. Aandike pia vitongoji vya Washeedi: jina la zamani, jina la sasa, na wazee waliobaki. Mukhtiarkar, ofisa wa ardhi na kodi wa taluka, ayakusanye. Walimu nao wachukue simu zao wakarekodi nyimbo zinazoimbwa ngoma ya mugarman ikipigwa. Jirani zenu wa pwani ya Makran wana lewa, ngoma ambayo Oman huchezwa na kuimbwa kwa maneno ya Kiswahili yaliyochanganyika na Kiarabu. Masidi wa Gujarat, India, wenye asili ya Afrika nao, ng'ambo ya mpaka wenu, ngoma yao huiita goma, na hapo hahitajiki mtafiti. Kwenye taluka zako za Matli, Talhar au Golarchi kuna nini? Mkirekodi, tutasikia.

Nasema upesi kwa sababu ya maji. Wewe unajua kuliko mimi. Mei 1999 kimbunga kiliwapiga nyinyi na Thatta. Ule mfereji mkubwa wa LBOD, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili utoe maji ya chumvi mashambani uyapeleke baharini, uliharibika upande wa bahari, na bahari ikapata njia ya kupanda. Ikaja mvua ya 2011, ikaja ya 2022. Familia inapokaa wiki kadhaa juu ya tuta la barabara chini ya turubai, haikukumbuka kubeba daftari la babu. Imebeba mbuzi na unga, na imefanya sawa.

Mwaka 2018 Tanzeela Qambrani wa Matli aliingia bunge la Sindh, mwanamke wa kwanza wa Kisheedi kukaa humo. Sijui kama ofisi yako imewahi kumuuliza habari za wazee wake. Ningeanza kwake.

Na upande wetu nisikuahidi makubwa. Serikali yangu sijaiuliza. Lakini hapa Unguja, na Lamu, na Kilwa Kivinje, kuna mabibi wanaojua nyimbo za unyago na za kutwanga ambazo wajukuu zao hawazifahamu. Nileteeni sauti moja ya Tando Bago, hata ya dakika tatu. Nitaketi nao barazani, nitaifungulia, na watakachokitambua nitakiandika nikurudishie.

Wako,
Mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja