Kwa walimu mnaoandaa sherehe ya sanaa shuleni

Wanangu walimu,

Chaki niliiweka chini zamani, lakini mialiko ya sherehe za shule bado inanifikia, na kwa mvi hizi huwa naketishwa mbele. Ratiba naijua kwa moyo. Hotuba, matokeo ya mitihani, vikombe vya michezo, hotuba tena. Kisha kwaya inaitwa iimbe wakati wageni wanainuka kwenda kula. Picha za wanafunzi zimebandikwa kwenye korido, nyingine kichwa chini, hazina hata jina la mchoraji. Halafu tunasema tumewapongeza wasanii wetu.

Kumpongeza msanii ni kuitazama kazi yake, au kuisikiliza mpaka mwisho. Cheti kinakuja baadaye, na hicho nacho kina hatari zake. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa shule ya awali nchini Marekani, wote wakiwa wapenzi wa kuchora. Wengine waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora. Wengine walichora bila ahadi, wakapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa. Waliobaki hawakupewa kitu. Siku zilipopita, kalamu za rangi ziliwekwa tena darasani na kila mtoto akaachwa acheze apendavyo. Walioahidiwa cheti walitumia kuchora takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu.

Sisemi mvichome vyeti. Nasema msivining'inize mbele ya watoto tangu muhula unapoanza, hadi mtoto achore kwa ajili ya utepe. Acheni kazi ifanyike kwanza, kisha mshangazeni.

Na maneno yenu yawe na kitu ndani yake. "Hongera, una kipaji" ni rahisi kutamka, lakini mtoto anaondoka asijue alichofanya vizuri ni kipi. Simama mbele ya picha. Mwambie, "Mikono ya huyu bibi umeichora mpaka mishipa inaonekana, na kidole gumba kimejificha nyuma ya kikapu. Ulianzia wapi?" Ukishauliza, nyamaza. Atakueleza jinsi alivyofuta mara kadhaa hadi karatasi ikakaribia kutoboka, na kwamba kidole kilifichwa kwa sababu kilimshinda. Hapo mmezungumza kama watu wawili wanaoijua kazi. Kama rasimu zake bado zipo, bandikeni kando ya picha yenyewe, pamoja na madoa ya ufutio. Wenzake wataona kwamba haikushuka kutoka mbinguni.

Katika maigizo, makofi humwendea aliyekuwa na maneno mengi. Aliyeshona maleba yuko nyuma ya pazia na sindano mkononi. Aliyepaka rangi mandhari ya jukwaa keshasahaulika. Waiteni wote mbele kabla watazamaji hawajainuka, na majina yasomwe yalivyoandikwa; mshereheshaji ayafanyie mazoezi, kwa maana hakuna pongezi inayouma kama jina lililokosewa kwenye kipaza sauti.

Wapo pia wasiotaka kupandishwa jukwaani. Mwanafunzi akiandika shairi juu ya msiba wa nyumbani kwao, akakuonyesha wewe peke yako, hajakupa ruhusa ya kulisoma mbele ya wazazi mia tatu, hata liwe zuri namna gani. Muulize. Akikataa, mwandikie ukurasa mmoja kuhusu shairi lake, umpe mkononi.

Wazazi watakaouliza sanaa itamlisha nani, msibishane nao siku hiyo. Wapelekeni mbele ya kazi ya mtoto wao, mwachieni mtoto aeleze.

Mgeni rasmi naye aje nusu saa mapema, kabla ya hotuba, wachoraji wakiwa wamesimama kando ya kazi zao. Kwaya ipewe nafasi katikati ya ratiba, milango ikiwa imefungwa na simu zimezimwa. Hayo hayahitaji fedha, yanahitaji mtu mmoja mkali kwenye kamati ya maandalizi.

Jambo la mwisho, maana hili husahaulika kila mwaka: picha zikishushwa ukutani, zirudishwe kwa wenyewe bila kukunjwa. Mkizitupa stoo, panya hawatasubiri muhula ujao.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu