Usiache tena kikapu dukani

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, nyanyako kifua kimempungua.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Ulikuwa ukicheka, mimi sikuona cha kucheka. Jumapili kutwa umeshindia mkate mkavu na chai ya rangi, eti maduka ya Ujerumani hufungwa siku hiyo. Si ulijua? Hii ni mara ya pili. Lakini hilo ningelisamehe. Lililoninyima usingizi ni la Jumamosi: umefika mpaka kwa keshia, watu wamejipanga nyuma yako, yeye anapitisha vitu mbio nawe huwahi kuvitia mfukoni, ukaviacha vyote ukatoka. Ukatoka! Na pesa unazo.

Nao wangoje. Nani aliyekufa kwa kungoja foleni? Tia kimoja kimoja, lipa, ushukuru, uondoke na chakula chako.

Leo umekula nini?

Najua pia wapiga hesabu. Waona tungule, wageuza euro kuwa shilingi, kila moja karibu 150, wakumbuka fungu la hapa sokoni kando ya Ngome, warudisha. Acha kugeuza. Ukigeuza hutakula kitu mpaka urudi Lamu, na mwili hautangoja. Huko hakuna wa kumwambia akupunguzie, wala wa kukutilia pilipili mbili za nyongeza. Umezoea kusemezana na muuzaji, nami ndiko kuzungumza kwangu kwa siku nzima, kwa hivyo nayajua machungu yake. Hata hivyo, kula.

Nilimkalisha barazani kijana wa jirani aliyesoma huko, nikamuuliza mpaka chai ikapoa. Asema maduka ya kwenye stesheni kubwa za treni hufunguliwa hata Jumapili, ila ni ghali. Asema vile vigari vya kusukuma hutaka sarafu, na ukirudisha kigari waipata sarafu yako, basi weka moja daima mfukoni. Na zile chupa za plastiki unazotupa, mwanangu, nyingi zina senti 25 ndani yake! Wazipeleka dukani, mashine yazimeza, yakupa karatasi, waipeleka kwa keshia. Usione haya kwenda na gunia la chupa. Usione haya, nasema.

Nyama nunua kwa Waturuki. Na usome paketi kabla ya kutia kikapuni: palipoandikwa Schwein ni nguruwe, na Gelatine imo hata kwenye peremende na baadhi ya maziwa ya mtindi, mara nyingi ni yake huyo huyo. Kama huelewi, uliza. Wewe huulizi. Tangu mdogo huulizi.

Na hili la kuona haya dukani nalijua lilikotoka. Lile daftari la madeni la duka la Langoni wewe walikumbuka, sina haja ya kulieleza. Usilolijua ni kwamba siku zile za upepo wa kusi nilipokwambia nina kazi jikoni, nenda wewe dukani, jikoni sikuwa na kazi. Hapakuwa na cha kupika.

Pesa ulizotuma mwezi wa kumi nilizipeleka Langoni mwenyewe. Nimelipa mpaka ukurasa wa mwisho, na mwenye duka aliponiuliza zimetoka wapi, nilisema kwa sauti, watu wote wakasikia, za mwanangu. Akakusalimu. Lakini usitume tena nyingi vile ikiwa wewe walala na mkate mkavu. Sizitaki hizo.

Ramadhani imebaki wiki tatu. Daku utakula nini ikiangukia Jumapili? Nunua mchele, mayai, tende, na tui la kopo. Si tui letu, lakini wali utapikika. Bizari nimeshasaga, natafuta msafiri wa kukuletea. Usinunue ya huko.

Nazi zimepanda bei hapa. Makuti ya juu yavuja upande wa kitanda chako, nimekisogeza, fundi ameahidi tangu mwezi jana. Paka wa ngazini amezaa wanne, mmoja mweupe. Babako asema nikwambie ununue viatu vya baridi, kisha asema usiambiwe ni yeye aliyesema.

Ijumaa usiku nitakupigia. Uwe umeandika orodha ya vitu vya Jumamosi, unisomee.

Mamako